Ukurasa wa Kumi na Nne

Ijumaa, 3 Oktoba

Daftari hili nililinunua mtaa wa Najma, hapa Doha, nipate kunakilia nyimbo. Nalifungua kwa hasira badala yake, maana nisipoimwaga nyongo hii hapa nitammwagia mtu.

Baada ya ibada Mutai alisimama na tangazo. Mutai ndiye mwenyekiti wa kwaya yetu, Kwaya ya Nyikani. Anafanya kazi ya kompyuta katika ofisi yenye zulia, anakaa Al Thumama kwenye nyumba yenye roshani, na kila anapotaka kusema jambo zito hugusa tai kwanza. Alisema okestra moja ya hapa mjini itafanya tamasha tarehe nne Desemba, jioni nzima ya watunzi wa Kiingereza: Purcell, Elgar, Parry. Kipande kirefu cha Parry kinahitaji kwaya. Mwongozaji wao, Mwingereza aitwaye Bwana Whitlock, amesikia habari zetu na anatutaka.

Vigelegele vilipigwa. Mimi nilipiga vyangu na vya jirani. Marehemu Baba alikuwa mwalimu wa kwaya Bungoma, na alituimbisha Purcell kabla hatujajua Uingereza iko upande gani wa ramani. Nikajiona nimesimama jukwaani nyuma ya fidla halisi, mimi Nasimiyu, mlinzi wa geti, ambaye kwayani huitwa Mwalimu kwa ajili ya Baba.

Ndipo Mutai akagusa tai. "Lakini wapendwa, okestra inatumia nota za mistari. Kwa hivyo watakaopanda jukwaani ni wale wanaosoma mistari. Wengine mtatusaidia kupanga viti na kukaribisha wageni."

Kupanga viti! Tuko ishirini na wanane. Wanaosoma mistari ni tisa, watu wa ofisi na manesi, pamoja na Githinji dereva wa basi la shule. Sisi kumi na tisa ni walinzi, mayaya na watu wa hoteli, na tunasoma solfa kama kwaya zote za makanisa ya kwetu: d, r, m, f, s, l, t, zimeandikwa juu ya maneno ya wimbo, basi. Solfa ndiyo iliyotuimbisha miaka yote hapa Doha. Leo imekuwa ugonjwa.

Nilimwambia mbele ya watu anipe hicho kitabu cha Parry. Mistari naijua kidogo, nahesabu kwa kidole kama alivyonifunza Baba. Nitaigeuza yote iwe solfa.

"Mwalimu, ni kurasa ishirini na mbili."

"Hata zingekuwa mia mbili."

Alinipa fotokopi. Alitabasamu vile watu humtabasamia mtoto anayesema atakuwa rubani.

Jumamosi, 4 Oktoba

Joto. Zamu ya saa kumi na mbili. Sina la kusema kwa binadamu yeyote.

Jumanne, 7 Oktoba

Nanakili kwenye kibanda cha geti, hapa Al Rayyan. Gari likija nainuka, nafungua, nasalimu, narudi kwa Parry. Meza yenyewe ni ndogo: nusu ni kitabu cha wageni, nusu ni fotokopi, na juu yake kifuniko cha thamosi chenye chai yangu. Kurasa nne zimeisha.

Msimamizi wetu, Herbert, Mganda, alinikuta. Nilidhani atanipa onyo la pili. Alisoma karatasi kichwa chini miguu juu, akasema, "Nnyabo," yaani bibi kwa Kiganda chake, "hii ni dawa ama ni nini?" Kisha akanikumbusha sheria yake ya siku zote: mlinzi akiwa amesimama, mikono nyuma, macho mbele. Akaenda zake.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mutai amewatenga wale tisa. Wanafanyia mazoezi nyumbani kwake Jumatano, kuna kinanda. Sisi tunabaki na mimi, Ijumaa, nyuma ya jengo la kanisa, bila kinanda. Alinipita akauliza, "Na hizo ABC zenu zimefika wapi?"

ABC! Mama yake mwenyewe alikuwa akiimba solfa huko Kericho, aliwahi kutuambia kwa mdomo wake.

Alhamisi, 16 Oktoba

Ukurasa wa kumi na nne umenitesa. Parry anahamisha ufunguo katikati ya sentensi. Nimemaliza. Macho yanawasha.

Ijumaa, 24 Oktoba

Imekamilika! Kurasa ishirini na mbili, kwa mkono wangu, sauti zote nne. Nimetoa nakala kumi na tisa.

Leo tulisoma mwanzo hadi mwisho. Niandike hapa jinsi tunavyofanya, maana siku moja mtu atasema hatukuwa na elimu. Kwanza hatuimbi maneno, tunaimba herufi. Nasimama mbele na kuonyesha kwa mkono: ngumi ni do, kiganja kilicholala ni mi, kidole kinachoelekea chini ni fa, kiganja kinachotazama kifua ni so. Kwaya inafuata mkono. Wimbo ukihamia ufunguo mwingine, do nayo inahama, na pale pa kuhamia unaandika herufi mbili pamoja, ndogo ya zamani na kubwa ya sasa. Baba aliita mahali hapo daraja. Alisema daraja likikosewa kwaya nzima inaingia mtoni, na mtoni hakuna wa kumlaumu ila mwalimu. Ukurasa wa kumi na nne una daraja moja: so ya zamani inakuwa do. Tulilivuka mara tano, safi.

Millicent aliimba hadi nikasahau kuonyesha mkono. Millicent ni yaya kwenye nyumba ya watu kumi na mmoja, hutoka Ijumaa saa nane hadi kumi na mbili tu, na ana alto ambayo ukiisikia unajua kwa nini Mungu aliumba masikio. Huyu ndiye Mutai anataka apange viti.

Jumatano, 29 Oktoba

Vumbi. Hata meno yana mchanga.

Ijumaa, 7 Novemba

Bwana Whitlock alikuja kutusikiliza. Mrefu, mwekundu, ana adabu, viatu vyake vimepigwa rangi vizuri. Mutai alimtangulia akiomba radhi kabla hatujafungua mdomo. Alimwambia kuwa kundi hili "bado linajifunza kusoma".

Tukaimba kurasa sita za kwanza. Mzungu alifumba macho. Tulipomaliza alisema hajapata kusikia alto kama zile tangu aje Ghuba. Nilimtazama Mutai. Alikuwa anaitafuta tai yake kifuani na ilikuwa pale pale.

Kisha Whitlock akachukua karatasi mkononi mwa Millicent. Akaigeuza. Akaniuliza, kwa heshima kabisa, maandishi haya ya kwetu yanaitwaje na yametoka wapi.

"Kwenu," nikamwambia.

Akacheka akidhani namtania. Nikamweleza kwamba solfa ilitungwa Uingereza, ikafundishwa huko mashuleni na makanisani, na wamishonari wakatuletea sisi. Wao wameisahau, sisi tumeitunza. Sasa tunaambiwa hatujui kusoma! Sikupaza sauti, lakini nadhani mshipa wa shingo ulionekana. Whitlock alisema, "Aisee," kwa Kiingereza chake, akaandika kitu kwenye kitabu kidogo. Akasema hajali tunasoma nini mradi tuende sawa na okestra wiki ijayo.

Sisi kumi na tisa tutapanda. Mwenye kupanga viti atafutwe kwingine.

Jumapili, 9 Novemba

Rosta imetoka. Nimeomba ruhusa ya tarehe nne. Herbert amekubali bila maneno.

Ijumaa, 14 Novemba

Nitaandika yote.

Mazoezi ya kwanza na okestra. Wapigaji kama sitini, viti vya duara, kila mtu na kijitaa chake. Wale tisa wa Mutai walisimama kulia na vitabu vyao vyenye jalada, sisi kushoto na karatasi zetu. Ngoma kubwa zilipopigwa nilizisikia kwenye magoti. Kurasa kumi na tatu tulienda kama watu waliozaliwa humo. Mpiga fidla mmoja mzee aligeuka kututazama akatabasamu.

Ukurasa wa kumi na nne, tukavuka daraja, na kila kitu kikavunjika. Okestra ilikuwa mahali pake, sisi tuko juu yake. Wale tisa walikuwa pamoja na okestra. Ilikuwa kelele ya aibu, kama redio mbili zimefunguliwa pamoja. Whitlock alisimamisha. Turudie. Ikawa vilevile. Turudie. Mara ya tatu Millicent alinyamaza, akaanza kulia huku amejificha nyuma ya karatasi.

Whitlock alisema taratibu kwamba labda upande wa kushoto upumzike. Na Mutai, mwenyekiti wetu, aliyepaswa kutusimamia, akasema kwa Kiingereza ili wote wasikie, "Nilikuonya, bwana. Hawasomi muziki."

Hapo nikapasuka. Nilitoka kwenye mstari nikaenda hadi mbele yake. Nilimwambia alinipa karatasi mbovu makusudi. Nilimwonyesha ukurasa wa kumi na nne wa fotokopi, una doa la kahawia pale pale ufunguo unapobadilika, mashine ya ofisi yao imechafua, na yeye aliona akanipa hivyo hivyo. "Unaona haya kusimama na walinzi na mayaya! Wewe ni mbwa wa mlangoni, Mutai, unabwekea ndugu zako ili mwenye nyumba akutupie mfupa!"

Wapigaji sitini hawajui Kiswahili lakini kubweka wanakujua. Mutai alifunga kitabu chake. Githinji alinishika bega akanitoa nje, akinong'ona, "Mwalimu, tulia. Tulia bana, watu wanaangalia."

Waangalie.

Jumamosi, 15 Novemba

Bado nina hasira. Sijalala vizuri na sijuti.

Whitlock ametoa wiki moja. Ijumaa ijayo kushoto kuimbe tena, na kukishindikana, wataimba wale tisa na kujaziwa na Wazungu wa ubalozini.

Na mimi nimepewa adhabu. Kamati imekaa kwenye simu na kuniandikia: kifungu cha saba cha katiba ya kwaya, atakayemtukana kiongozi mbele ya watu atakaa benchi la nyuma wiki nne bila kuimba. Wiki nne zinaisha tarehe kumi na mbili Desemba. Tamasha ni tarehe nne.

Kifungu cha saba nilikiandika mimi. Mwaka jana Millicent alimwita Mutai mjinga, nikasoma kifungu hicho kwa sauti na kumwonyesha benchi kwa kidole. Alilia. Nikamwambia, "Katiba ni katiba." Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikichimba hadi kikatoa maji.

Jumatatu, 17 Novemba

Githinji alisimamisha basi la shule getini, baada ya kuwashusha watoto wote. Akaniletea kitabu chake mwenyewe cha Parry.

"Mwalimu, hebu tuangalie hii page fourteen pamoja. Mimi si mtaalamu."

Wimbo unapohama ufunguo, kwenye mistari kuna vialama vinavyofanana na herufi b, na idadi yake ndiyo inayokwambia do imekwenda wapi. Mwanzo wa kipande viko vitatu. Kwenye fotokopi yangu, ukurasa wa kumi na nne, vinaonekana viwili, kisha lile doa. Kwenye kitabu cha Githinji viko vinne.

Vinne. Basi si so inayokuwa do. Ni fa. Nilikuwa nimewapandisha watu kumi na wanane hatua nzima ya sauti juu ya okestra na kuwaamuru waimbe kwa nguvu.

"Ni mashine ya Mutai," nikasema.

Githinji akachukua kifuniko cha thamosi yangu mezani, akakiweka taratibu juu ya doa. Kilienea barabara, mduara kwa mduara. Doa halikuwa la mashine. Lilikuwa chai yangu mimi, yenye tangawizi.

Nyani haoni kundule. Nilitamani kukipigiza kifuniko kile ukutani. Nilikipigiza. Kimepasuka pembeni, sasa chai inavuja.

Jumanne, 18 Novemba

Nilikwenda Al Thumama baada ya zamu, kwa mabasi mawili. Mutai alifungua mlango amevaa fulana. Aliponiona mkono wake ulienda shingoni kutafuta tai, haikuwepo.

Nilisema yote nikiwa nimesimama. Kosa ni langu. Chai ni yangu. Nimemsingizia. Anisamehe. Kusema maneno hayo kulinichoma kuliko pilipili kichaa.

Alinikaribisha ndani akanipa maji. Akaniambia jambo ambalo hajamwambia mtu. Siku ya kwanza kwenda kuonana na watu wa okestra, mtu wa mlangoni alimwambia wanaoleta mizigo wapitie nyuma. "Nilikuwa na suti, Mwalimu. Nilikuwa na tai. Tangu siku hiyo nikasema, hawa watu hawatapata sababu ya kutucheka. Hata moja."

Nilimwonea huruma kwa muda wa dakika moja. Kisha nikakumbuka viti. Nikamwambia, "Kwa hivyo ukaona sababu ni sisi."

Alitazama sakafu. Niliweka mezani karatasi ya kumi na nne, mpya, nimeandika upya nakala kumi na nane. f ndogo, d kubwa. Nikamwomba aniruhusu niwafundishe Ijumaa, kisha adhabu iendelee.

"Mwalimu, unajua mimi sina shida. Lakini Millicent alikaa benchi wiki zote nne. Nikikutoa wewe nitamwambia nini?"

Yule mtu ana haki, na kinachoniua ni kwamba ana haki kwa kinywa changu mimi.

"Katiba ni katiba," nikasema.

"Nitawafundisha mwenyewe," akasema. Akaichukua karatasi, akaitazama sana. Kisha, bila kuniangalia usoni, akauliza, "Hii f ndogo... inasomwaje?"

Nikamfundisha. Ngumi, kidole chini, kiganja. Mwenyekiti wa Kwaya ya Nyikani alikaa sebuleni kwake akinyoosha kidole kuelekea zulia na kuimba fa, na alikuwa na sauti tamu kuliko nilivyokumbuka. Nilirudi nyumbani na hasira yangu lakini imekuwa nzito kubeba, sijui niiweke upande gani.

Ijumaa, 21 Novemba

Benchi la nyuma. Nilikaa kama mtuhumiwa, mikono mapajani.

Mutai aliwaonyesha daraja kwa mkono, Whitlock akisikiliza, na mara ya kwanza walikosa. Mara ya pili nusu walikosa. Mara ya tatu wakavuka. Whitlock alisema wataimba, ila akaongeza kwamba upande wa alto wana wasiwasi pale na yeye usiku ule atakuwa anashughulika na tarumbeta, hataweza kuwashika mkono.

Wote kumi na wanane wanapanda! Nilitoka nje nikapiga teke pipa la taka kwa furaha.

Millicent alinifuata. "Mwalimu, ile siku itakuwaje? Mimi nikifika hapo huwa naangalia mkono wako. Nikikosa kuuona nasikia ile so ya zamani tu, imeingia kwa kichwa kabisa haitoki."

"Utaona mkono wa Mutai."

"Mutai atakuwa anaimba kando yangu. Si atakuwa haangaliki?"

Wiki tatu nilimfundisha kosa kwa bidii zote. Sasa limemganda. Hasira yote niliyowahi kuwa nayo juu ya watu wengine nikiikusanya haifiki hii ya leo.

Jumanne, 25 Novemba

Mvua ya kwanza. Watu walitoka nje kuipiga picha.

Jumatano, 26 Novemba

Herbert kanipigia simu. "Nnyabo, wewe kwaya imekuacha, si ndiyo? Tarehe nne kuna kazi kwa ukumbi. Wanataka walinzi wanawake, wanaongea Kiingereza, wasafi."

Ukumbi gani, nikauliza, ingawa nilishajua.

Kumbe kampuni yetu ndiyo inayolinda tamasha. Nitasimama ndani, mlango wa nyuma, nimewapa watu kumi na wanane nafasi ya kupanda jukwaani, na mimi nimepata nafasi ya kuwafungulia mlango wageni. Mutai alisema tutakaribisha wageni. Nimeanza kuamini ni nabii.

Nilitaka kukataa. Kisha nikafikiri: ndani. Nitakuwa ndani.

"Sawa, Herbert."

Ijumaa, 28 Novemba

Benchi. Wiki ya pili.

Alhamisi, 4 Desemba

Mvua tangu alasiri. Barabara zilijaa maji, wageni walifika wameshika viatu mkononi, na kila mtu alinikasirikia mimi kana kwamba ndiye niliyefungua bomba la mbinguni.

Kabla ya milango kufunguliwa Herbert alitupanga na kutugawia glavu nyeupe, kwa sababu ya wageni wakubwa. "Ndani hakuna kuongea, hakuna simu, hakuna kutikisika. Mikono nyuma, macho mbele." Akaniweka mlango wa nyuma kabisa, katikati, chini ya ile taa ya kijani ya njia ya kutokea. Mbele yangu kulikuwa na migongo ya watu elfu moja, na mbele yao jukwaa lote.

Niliokota programu iliyoangushwa. Kwaya ya Nyikani, mwenyekiti na mkufunzi, Mutai. Majina ishirini na saba. Niliyasoma mara mbili nikitafuta la ishirini na nane, ingawa nilijua halipo, kisha nikaikunja nikaitia mfukoni kwa sababu ukikasirika ukiwa na sare huna pa kutupa kitu.

Purcell alipita. Elgar alipita, na sitaki kudanganya, niling'ata mdomo wa ndani nisilie. Kisha wakaingia. Githinji amenyoa. Mutai na tai. Millicent alikuwa amevaa gauni jeusi aliloazimwa na mama mwenye nyumba wake, limemzidi mabega. Mikononi mwao karatasi zangu, zimewekwa ndani ya jalada jeusi zisionekane.

Waliimba. Niliwahesabia kurasa bila karatasi: tisa, kumi, kumi na moja. Kushoto na kulia walikuwa sauti moja, na mtu wa mbele yangu alimwegemea mkewe akamwambia kitu akitingisha kichwa kwa mshangao. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Whitlock aligeukia tarumbeta, akawapa mkono wote. Upande wa alto haukuwa na wa kuwaongoza.

Nikamwona Millicent akiinua kidevu. Macho yake yakatoka kwenye karatasi yakaanza kuhangaika, kwa Whitlock, kwa Mutai, kwa hewa. Anatafuta mkono. Najua uso ule. Anasikia so inakuja.

Mikono yangu ilikuwa nyuma. Nilisema moyoni, Mungu, mimi ndiye niliyemwaga chai. Nikaitoa mikono.

Nikainua mkono wa kulia juu ya kichwa, glavu nyeupe, chini ya taa ya kijani, kidole kimoja kinaelekea chini. Fa. Millicent aliuona. Nilimwona akiuona. Alto zote zikamfuata kwa macho, kisha tenori, kisha besi, watu kumi na wanane wananitazama juu ya vichwa vya watu elfu moja. Nikakunja ngumi. Do.

Wakavuka.

Sikuacha hapo. Ningeweza kuacha, daraja lilikuwa limepitwa. Niliendelea, kiganja, kidole, ngumi, kurasa zote nane zilizobaki, mikono miwili kama Baba, na nilikuwa na hasira tangu mwanzo hadi mwisho: hasira ya viti, ya ABC, ya jina lisilokuwepo, ya chai. Mwanamke wa safu ya nyuma aligeuka akanikodolea macho. Kando ya ukuta Herbert alikuwa ananiashiria nishushe mikono. Mutai naye aliniona. Hakuwa anaangalia kitabu chake kizuri. Alikuwa anafuata mkono wangu.

Watu walisimama kupiga makofi. Mimi nikarudisha mikono nyuma, nikafungua mlango.

Ijumaa, 5 Desemba

Benchi, wiki ya tatu. Mutai alisimama akasoma salamu za Whitlock, akasema kwaya imefanya kazi nzuri. Aligusa tai. Akasimama hivyo muda mrefu, watu wakaanza kukohoa. Kisha akaiacha tai, akanyoosha kidole kuelekea benchi la nyuma, akasema, "Yule pale ndiye aliyetuvusha." Akaketi haraka. Millicent alipiga kigelegele ambacho hakimo katika katiba. Adhabu yangu haikupunguzwa hata siku moja.

Jioni Herbert alikuja na fomu ya onyo. Mgeni mkubwa amelalamika kwa mudir, meneja wa kampuni. Kosa: mlinzi kupunga mikono akiwa lindoni. Hili ni onyo la pili. La tatu mkataba hauongezwi. Chini kuna nafasi ya maelezo ya mlinzi, mistari mitano mitupu.

Herbert hakuwa na furaha. "Nnyabo, andika ulikuwa mgonjwa. Andika mkono ulikufa ganzi. Mimi nitasaini, khalas, inaisha."

Niliichukua kalamu yake. Mistari mitano ilikuwa mingi, nilihitaji mmoja. Niliandika: Nilikuwa kazini.